Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya: tukiwahi, nani anatupokea?

Kwa mawaziri wa afya na wa fedha, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa vituo vya afya, na ninyi mnaokaa kwenye kamati za bajeti.

Waheshimiwa,

Kila Oktoba utepe wa waridi hufungwa kwenye milango ya majengo yenu, na kila Februari 4, Siku ya Saratani Duniani, mtu hupanda jukwaani akatuambia mambo matatu: jichunguzeni, wahini hospitali, kuleni vizuri. Sina ugomvi na maneno hayo. Ugomvi wangu ni juu ya yale yanayompata aliyeyatii.

Nimemuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani. Nimekaa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje na kusikiliza waliokaa karibu nami. Wengi wao hawakuchelewa, walicheleweshwa. Ndiyo maana naandika kuomba jambo ambalo halihitaji mashine mpya: hesabuni siku. Anzeni siku mgonjwa alipoitaja dalili yake kwa mara ya kwanza mbele ya mhudumu wa afya, mmalizie siku alipopewa jibu la uhakika kwamba ni saratani au sivyo. Kisha itangazeni hesabu hiyo. Mengine nitakayoyasema, hata ya chakula, yanarudi hapo.

Ukubwa wa tatizo mnaujua. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 20 duniani waligundulika kuwa na saratani, na wapatao milioni 9.7 walikufa kwayo. Karibu mtu 1 kati ya 5 ataugua saratani katika maisha yake. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zingeweza kuzuilika. Hayo yote yamo kwenye hotuba. Ambalo halimo ni muda.

Tuanze na dalili, maana ndiko mnakotutuma kila mwaka. Shida ya dalili za mwanzo ni kwamba hazina sura ya kutisha. Kikohozi. Sauti iliyokwaruza. Choo kilichobadilika. Kidonda kinywani. Kila moja ina sababu kadhaa zisizo na hatari, na mara nyingi ndizo zenye kweli. Mtu ana mafua, au alipiga kelele uwanjani, au alijing'ata. Kinachotenganisha dalili ya kuangaliwa na ile ya kuachwa ipite ni muda na mwelekeo wake. Kikohozi au ukwaruzi wa sauti uliovuka wiki 3 bila kuisha uangaliwe. Kidonda cha kinywani kisichopona ndani ya wiki 3, au baka jeupe au jekundu lisiloondoka, viangaliwe, hasa kwa mvutaji wa sigara au mtafunaji wa tumbaku. Vivyo hivyo chakula kinachokwama kooni, kwanza kigumu, baadaye hata laini, na uzito unaoshuka wakati mtu hajapunguza kula. Swali la kuuliza hapa ni limeanza lini na linaelekea wapi.

Sisi wagonjwa tumezoea kuuliza swali jingine: je, linauma? Na maumivu yanatupotosha sana. Uvimbe wa saratani ya titi mwanzoni mara nyingi hauumi, kwa hiyo mwenye nao anasubiri uanze kuuma ndipo aamini kuwa ni ugonjwa. Damu kwenye mkojo inaweza kutoka siku moja bila maumivu, ikapotea kwa wiki kadhaa, na mtu akashukuru Mungu kwamba amepona, kumbe saratani ya kibofu mara nyingi hujitangaza hivyohivyo. Mtu mzima akigeuka macho ya njano bila homa wala maumivu, yafaa aulizwe kama njia ya nyongo imezibwa na kitu. Mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa na damu, hata tone, hiyo si hedhi iliyorudi, na haifai kungojwa ijirudie. Damu baada ya tendo la ndoa nayo ni ya kusemwa, ingawa najua kwa nini haisemwi, hasa chumba cha daktari kikiwa na watu wengine watatu na mlango uko wazi.

Hata titi lenyewe, ambalo limefanyiwa kampeni kuliko kiungo kingine chochote, watu wamefundishwa kutafuta uvimbe tu. Hawakuambiwa juu ya ngozi inayokuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani, majimaji yenye damu, au wekundu na joto ambavyo antibiotiki imeshindwa kuviondoa. Na ngozi: tumezoea kudhani saratani ya ngozi ni ya watu weupe peke yao. Ni kweli kwamba weusi wa ngozi hukinga dhidi ya jua, lakini kuna aina ya melanoma, saratani ya seli zinazotia ngozi rangi, inayoota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki. Bob Marley alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mstari mweusi chini ya ukucha unaozidi kupanuka, au alama iliyobadilika umbo, rangi na ukingo, havihitaji kifaa kuonekana. Vinahitaji mtu aliyeambiwa avitazame.

Watoto ndio wanaoniumiza zaidi, kwa kuwa hawawezi kujieleza. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa flashi inaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, na mama ndiye anayeiona kwanza. Tumbo lenye uvimbe mgumu upande mmoja, homa zisizo na sababu pamoja na kupauka kwa kukosa damu na michubuko, maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku. Kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani. Katika nchi zenye kipato kikubwa zaidi ya asilimia 80 yao hupona, na katika nchi nyingi zenye kipato kidogo hawafiki asilimia 30. Ugonjwa ni uleule. Tofauti ni kutambuliwa, kufikishwa, kutibiwa na kutoachia dawa njiani.

Sasa mtu ameona, ameelewa, amekuja. Hapa ndipo kampeni zenu zinaponyamaza.

Shangazi yangu alitokwa na damu kwenye choo. Alikwenda kituo cha afya ndani ya mwezi wa kwanza, na kwa mtu wa kizazi chake kumweleza kijana asiyemjua habari za choo si jambo dogo. Akaambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka na ushauri wa kula mboga na kunywa maji. Damu ikapungua, ikarudi. Akarudi. Mhudumu mwingine, daftari jipya, bawasiri tena. Safari iliyofuata alikuwa ameanza kuishiwa nguvu, wakampima damu, wakakuta imepungua, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Katika muda wote huo hakuna aliyevaa glavu akamchunguza kwa kidole, ingawa uchunguzi huo hauchukui dakika 5 na uvimbe wake ulikuwa karibu kiasi cha kuguswa. Walipokuja kuugusa hospitali ya rufaa, ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Sitaji kituo hicho, kwa sababu sidhani waliokuwepo ni watu wabaya. Walikuwa na foleni ndefu, na wengi wa wanaokuja na damu kwenye choo kweli wana bawasiri. Mhudumu akisema bawasiri kila mara atakuwa sahihi karibu siku zote, na atapongezwa kwa kumaliza foleni. Mfumo mzima unamfundisha kukosea kwa yule mmoja. Anayeweza kubadilisha hilo ni ninyi, kwa kumwekea kanuni inayomkinga: dalili ileile ikirudi mara ya pili bila maelezo yaliyothibitishwa, mgonjwa apande ngazi. Mwanamume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, asipewe vidonge pekee kabla hajaulizwa damu inapotelea wapi. Kanuni mbili tu, na zingetosha kwa shangazi.

Mtasema mkifungua njia hiyo hospitali zitajaa watu wasio na saratani. Ndiyo, zitakuwa na watu wengi wasio na saratani, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Uingereza, taasisi inayotunga miongozo ya tiba, NICE, iliweka kizingiti mwaka 2015: kama dalili ina uwezekano wa asilimia 3 kuwa saratani, mgonjwa apewe njia ya haraka. Maana yake walikubali mapema kwamba katika watu 100 wanaoharakishwa kwa kizingiti hicho, 97 wataambiwa nendeni nyumbani mko salama. Hawakuiita hasara. Denmark, iliyokuwa ikiona aibu kwa matokeo yake kulinganisha na majirani zake, iliweka njia maalumu za saratani karibu mwaka 2008, zenye muda uliopangwa kwa kila hatua. Halafu wakagundua kwamba karibu nusu tu ya wagonjwa wa saratani ndio wanaofika wakiwa na dalili zile za hatari zilizoandikwa kwenye mabango. Wengine wanakuja na uchovu, kukonda, maumivu ya hapa na pale, na daktari anahisi tu kwamba kuna kitu. Wakawafungulia nao mlango wao. Nchi nyingi hazitaweza kuiga vifaa vyao. Lakini kukiri kwamba mgonjwa mwenye dalili isiyo na jina naye anastahili pa kwenda hakuhitaji vifaa.

Wala namba ya siku si ya kubuni kwangu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, linataka utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza, angalau asilimia 60 ya saratani zilizokwisha kupenya kwenye nyama ya jirani ziwe zimegunduliwa katika hatua ya 1 au ya 2, yaani zile za mapema, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao. Nchi zenu zinaujua mpango huo. Je, mkurugenzi gani kati yenu anaweza kusema leo, bila kuagiza ripoti, siku zake ni ngapi? Na siku hizo si za kiofisi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la BMJ ulikuta kwamba kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji wa saratani ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8.

Mkianza kuhesabu mtaona siku zinapotelea wapi, na nadhani sehemu nyingine zitawashangaza. Kinyama cha kupimwa kimekatwa leo, lakini fomalini, dawa ya kukihifadhi, iliyowekwa ni kidogo, au chupa haina jina, au inasubiri gari la Ijumaa. Fomalini inapaswa kuwa karibu mara 10 ya ujazo wa kinyama, la sivyo nyama inaoza katikati na mpatholojia, daktari anayeipima kwa darubini, hawezi kuisoma, na mgonjwa anaitwa kukatwa upya. Majibu yametoka, lakini yamekaa kwenye faili hadi mgonjwa ajitokeze mwenyewe kuyaulizia. Rufaa imeandikwa, lakini hospitali iliyoandikiwa haina taarifa kwamba kuna mtu anakuja, kwa hiyo asipofika hakuna anayejua kuwa hakufika. Katika hayo hakuna linalomngoja daktari bingwa. Ni chupa, simu na karani.

Kuna saratani moja ambayo kungoja dalili zake ni kuchelewa tayari, nayo ni ya shingo ya kizazi. Karibu visa vyote husababishwa na virusi vya papiloma, HPV, na aina ya 16 na 18 peke yake zinabeba takriban asilimia 70. Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano huo. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, mabadiliko huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, yanaweza kuchukua 5 hadi 10. Huo ni muda mrefu wa kumkuta. Shirika la Afya Duniani linataka kufikia mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha kuaminika wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Pale ambapo kipimo cha virusi hakijafika, mkunga aliyefunzwa anaweza kupaka siki iliyopimwa nguvu yake, akasubiri dakika moja na kutazama panapogeuka weupe, na mara nyingi kupatibu siku hiyohiyo kwa joto au baridi. Namuomba waziri anayeniambia hana fedha za saratani aanzie hapa.

Lakini msifanye kosa la pili, la kupima kila kitu kwa kila mtu ili mwonekane mnafanya kazi. Korea Kusini walipopima tezi za shingo kwa wingi kwa mashine za mwangwi (ultrasound), visa vya saratani ya tezi ya thairoidi vilivyoandikishwa mwaka 2011 vilikuwa karibu mara 15 ya vile vya mwaka 1993, huku idadi ya waliokufa kwayo ikibaki palepale. Maelfu walikatwa tezi kwa vivimbe ambavyo visingewadhuru maishani. Siku za uchunguzi wa bure zenye maturubai na kamera ni nzuri kwa magazeti. Kama aliyekutwa na tatizo pale chini ya turubai hana miadi anapoondoka, ameongezewa hofu tu.

Sasa chakula.

Ninajua mnapenda sehemu hii, kwa kuwa ushauri wa chakula haugharimu kitu na mzigo wake unabebwa na msikilizaji. Kwa hiyo tuseme yanayojulikana kwa uzito wake, bila kupunguza wala kutia chumvi. Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, uliweka nyama zilizosindikwa kama soseji na bekoni kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na ukakadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Watu wengi wakaelewa kwamba soseji ni sawa na sigara. Siyo. Kundi hilo linaonyesha jinsi ushahidi ulivyo thabiti, halipimi ukubwa wa hatari, na tumbaku yenyewe ndiyo inayobeba karibu robo ya vifo vyote vya saratani. Ukiniambia nichague bango moja la lishe na bango moja la kuacha sigara, nitabandika la sigara na sitajuta.

Pombe imo kwenye kundi hilohilo la kwanza tangu mwaka 1988, na inahusishwa na saratani za kinywa, koromeo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na titi. Wanawake wangapi wameambiwa hilo la titi? Uzito uliopita kiasi unahusishwa na aina zisizopungua 13. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, husababisha saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Upande wa kheri, nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga na matunda zinapunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana, na kipimo cha kawaida ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima.

Tazameni orodha hiyo mniambie ni mangapi mtu mmoja anaweza kuyatengeneza jikoni kwake. Sumukuvu haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Inazuiwa kwa ukaushaji, maghala na wakaguzi. Homa ya ini B inazuiwa kwa chanjo, na dozi ya kwanza ni ndani ya saa 24 tangu mtoto azaliwe. Bei ya soda dhidi ya bei ya tunda hupangwa pia na kodi, ndiyo maana Mexico ilianza kutoza vinywaji vya sukari mwaka 2014. Alama nyeusi inayomwambia mnunuzi kwamba pakiti hii ina sukari au chumvi nyingi ni sheria, kama ile iliyoanza Chile mwaka 2016. Waziri wa fedha, nimekutaja juu ya barua hii kwa sababu hiyo. Na kama kampeni ya lishe ya wizara inadhaminiwa na kiwanda cha vinywaji vitamu, afadhali isifanyike.

Kuna mpaka mmoja ambao lazima usemwe na ninyi, kwa sauti ileile ya jukwaani, maana sisi tukiusema hatusikilizwi. Chakula hupunguza hatari. Hakitibu uvimbe, na hakichukui nafasi ya kipimo. Mtu anayetokwa na damu akiambiwa aongeze mboga kisha akaachwa aende, amenyang'anywa miezi kwa ushauri ambao ni sahihi kwa mtu mwingine. Na ombwe mnaloliacha linajazwa. Wanaouza unga wa mizizi, maji ya kuondoa asidi mwilini na vidonge vya virutubishi wana muda wa kumsikiliza mgonjwa kuliko daktari wenu, na hilo ndilo linalowapa wateja.

Hata kirutubishi halisi kikiwekwa kwenye kidonge hakifanyi kama kilivyofanya kwenye sahani. Huko Finland walifanya utafiti kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliokula vyakula vyenye beta-karotini, kirutubishi kinachoipa karoti rangi yake, walikuwa wameonekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache, basi wakawapa vidonge vyake. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti wa pili, Marekani, ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu kama hiyo. Kila ninapoona chupa yenye picha ya karoti na ahadi nyekundu nawakumbuka wanaume wale.

Aliyekwisha kuugua ana shida ya kinyume. Mgonjwa anaambiwa na kila anayemtembelea aache sukari, aache nyama, aache maziwa, afunge, kwa sababu eti saratani inakula sukari. Kila seli ya mwili inatumia sukari, na mwili uliokatazwa wanga utaitengeneza kutoka kwenye misuli yake wenyewe. Nimeona mgonjwa akikonda kwa utii. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inataka protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana ifike gramu 1.5, yaani mtu wa kilo 60 apate gramu 60 hadi 90. Mayai, samaki, maziwa, maharage, kuku. Chakula kidogo mara nyingi, laini kama kinywa kina vidonda, baridi kidogo kama harufu inamtapisha, kilichoiva na kuoshwa vizuri wakati dawa zimeshusha kinga. Dawa za mitishamba zitajwe kwa daktari bila aibu, kwa kuwa nyingine hubadilisha nguvu ya dawa za hospitali. Haya yalipaswa kusemwa na mtaalamu wa lishe siku mgonjwa anaanza tibakemikali, pamoja na kupimwa uzito kila anapokuja. Mimi niliyapata kwa kuuliza huku na huku, muda ukiwa umekwenda.

Sisemi sisi hatuna mkono wetu. Wapo wanaoficha uvimbe kwa miaka kwa hofu ya kukatwa titi, au kwa hofu ya mume, au kwa kuwa wanaamini jina likitajwa ndipo ugonjwa unapoanza. Wapo wanaopita kwanza kwa waombezi na waganga. Siku hizo ni zetu, na tutazibeba. Ninazodai ni zile zinazoanza baada ya mgonjwa kufungua kinywa mbele yenu.

Kwa hiyo anzeni na kidogo. Chagueni saratani 3, labda titi, shingo ya kizazi na utumbo mpana. Kila kituo kiwe na daftari moja lenye tarehe ya dalili kutajwa, tarehe ya kipimo, tarehe ya jibu na tarehe ya tiba kuanza. Kila miezi 3 mwandike siku za mgonjwa wa katikati, na siku za yule aliyesubiri kuliko wote, kwa sababu wastani huwaficha watu. Mzibandike kwenye ukuta wa mapokezi, si kwenye tovuti. Namba za kwanza zitakuwa mbaya. Zibandikeni hivyohivyo, wala asiadhibiwe mhudumu aliyeziandika kwa ukweli, la sivyo robo ya pili mtaletewa namba nzuri za uongo.

Chini ya karatasi hiyo kiandikwe cheo cha mtu mmoja anayewajibika nayo, na simu ya ofisi ambayo mtu huipokea. Mgonjwa aliyevuka siku 60 bila jibu aipige, na simu yake iandikwe kwenye daftari hilohilo.

Nasubiri kuona karatasi ya kwanza.

Wenu,
Muuguzaji